Kesi ya Wajane wa Bengal

Mwaka 1823 makarani wa Kampuni ya India Mashariki waliandika kwenye daftari zao wanawake 575 waliochomwa moto pamoja na maiti za waume zao katika himaya ya Bengal. Wakawapanga kwa umri: chini ya miaka 20 walikuwa 32, kati ya 20 na 40, 208, kati ya 40 na 60, 226, na waliopita 60 walikuwa 109. Wakawapanga tena kwa tabaka: Mabrahmini 235, Makshatriya 34, Mavaishya 14, Mashudra 292. Jumlisha kwa umri, jumlisha kwa tabaka, unapata 575 ileile. Karani alikuwa makini na kazi yake.

Picha iliyozoeleka ya sati, desturi hii ya kumchoma mjane pamoja na mumewe, ni ya binti mbichi wa Kibrahmini, juzi tu bibi harusi, leo anasukumwa motoni huku ngoma zikirindima ili kilio chake kisisikike. Mabinti wa namna hiyo walikuwapo, na ngoma zilikuwapo. Lakini daftari la 1823 linatuonyesha zaidi wanawake wa makamo na vikongwe, waliokwisha kuzaa, kulea na hata kuozesha. Zaidi ya nusu yao walikuwa Mashudra, jina ambalo kule Bengal lilikusanya watu wengi mno: wakulima wadogo, mafundi, na humohumo makarani na wenye ardhi wa jamii ya Kayastha, watu wenye fedha waliotaka heshima ya kukaa mkeka mmoja na Mabrahmini. Kumwaga mafuta ya samli juu ya kuni za mama mzazi, mbele ya kijiji kizima, kulikuwa pia njia ya kuipata heshima hiyo.

Sasa, serikali ya wafanyabiashara wa Kizungu ilifikaje mahali pa kuhesabu wajane kwa tabaka na umri, badala ya kuuzima moto?

Jibu linaanzia mwaka 1772. Warren Hastings, gavana wa Kampuni huko Calcutta, aliamua kwamba katika mambo ya ndoa, mirathi na tabaka, Wahindu wahukumiwe kwa shastra, yaani vitabu vyao vya sheria ya dini, na Waislamu kwa Kurani. Kila mahakama ikapewa maulamaa wake: maulvi kwa Waislamu, pandita kwa Wahindu. Hakimu Mwingereza, asiyejua hata herufi moja ya Kisanskriti, aliuliza swali. Pandita alifungua vitabu na kutoa jibu kwa maandishi, jambo ambalo Mswahili wa pwani angeliita fatwa bila kusita. Mpango ulionekana wa busara. Kampuni ilikuwa na jeshi kubwa la askari wa Kihindi, wengi wao Wahindu wa matabaka ya juu, na hakuna kilichowatia hofu wakubwa wake kama uvumi kwamba serikali inaigusa dini.

Lakini mpango huo ulibadilisha kitu ambacho Hastings mwenyewe hakukikusudia. Kabla yake, Mhindu wa Bengal aliishi kwa mila ya ukoo wake, ya kijiji chake na ya tabaka lake, na mila hizo zilitofautiana kutoka mto mmoja hadi mwingine. Sasa mbele ya hakimu mila ilidhoofika, kitabu kikapata nguvu. Na vitabu hivyo viliandikwa na Mabrahmini. Kila atakayetaka kubadilisha maisha ya mjane, iwe kumwokoa au kumchoma, itambidi aingie mahakamani na kitabu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sati. Mahakimu waliuliza, mapandita wakajibu, na mwaka 1813 ukatoka mwongozo: sati inaruhusiwa ikiwa mjane ametaka mwenyewe, hairuhusiwi ikiwa amelazimishwa, amelevywa, ana mimba, au hajafika miaka 16. Baadaye likaongezwa suala la mwenye mtoto mchanga asiye na wa kumlea. Darogha, mkuu wa kituo cha polisi, au mmoja wa askari wake alitakiwa kuwapo penye kuni, amhoji mjane, ajiridhishe, kisha apeleke taarifa. Mtu aangalie hali ilivyokuwa: maiti iko juu ya kuni ukingoni mwa mto Hooghly, ndugu wamekusanyika, mapadri wa Kihindu wanasoma, mjane amekwisha kuogeshwa na kupakwa rangi nyekundu ya ndoa, na askari wa mshahara mdogo anatakiwa kumuuliza kama kweli ametaka mwenyewe. Angejibu nini, na ndugu wa mume wamemzunguka? Na askari angeandika nini zaidi ya alichojibiwa?

Hesabu za mwaka kwa mwaka zilianza 1815. Mwaka huo ziliandikwa sati 378. Mwaka 1818 zilikuwa 839. Sehemu ya ongezeko hilo ni kipindupindu kilicholipuka Bengal 1817 na kuua waume wengi. Sehemu nyingine ni makarani kuzoea kuandika. Lakini waliopinga sati walisema tangu wakati ule kwamba kuwapo kwa askari kuligeuka kibali cha serikali. Nami sioni sababu ya kuwapinga. Aliyewekwa pale kuzuia mabaya akawa ndiye anayetangaza kwamba haya yanayofanyika leo ni halali.

Katika hali hiyo ndipo anapoingia Rammohun Roy.

Alizaliwa Radhanagar, magharibi ya Bengal, mwaka 1772 kwa hesabu inayokubaliwa zaidi, katika ukoo wa Kibrahmini wa daraja la juu ambao wanaume wake walikuwa wametumikia watawala Waislamu kwa vizazi. Kwa hiyo alisomeshwa Kiajemi na Kiarabu kama mtoto wa mtu wa dola, na Kisanskriti kama mtoto wa Brahmini. Aliozwa akiwa mtoto. Mke wa kwanza alifariki, akaozwa wengine wawili. Kitabu chake cha kwanza kinachojulikana kilitoka karibu 1803, na msomaji wa Kiswahili atafurahia jina lake: Tuhfat al-Muwahhidin, zawadi kwa wanaompwekesha Mungu. Aliandika matini kwa Kiajemi na dibaji kwa Kiarabu. Hoja yake ni kwamba dini zote zina imani kwa Mungu mmoja, na kwamba mengine, miujiza na masanamu, yameongezwa na wenye kufaidika nayo. Kabla hajakijua Kiingereza vizuri, Rammohun alikwisha kuwa mpwekeshaji, na hoja zake zilinukia mantiki ya Kiislamu kuliko mahubiri ya wamisionari. Jambo hili husahauliwa na wanaoeleza mageuzi ya Uhindu kama mwanga uliotoka Ulaya.

Alifanya kazi miaka kadhaa kwa maofisa wa Kampuni, hasa John Digby huko Rangpur, akanunua ardhi, akatajirika. Karibu mwaka 1815 alihamia Calcutta na kuanzisha Atmiya Sabha, barza ya marafiki waliokutana nyumbani kwake kuzungumza dini. Mwaka huohuo alianza kutoa tafsiri za maandiko ya Kihindu ya Vedanta na Upanishad kwa Kibengali. Kwa Mabrahmini wengi hilo pekee lilitosha kuwa kosa: maneno yaliyopaswa kusikika kwa masikio machache sasa yanauzwa mitaani, mtu yeyote asome. Mtoto wa kaka yake alimpeleka mahakamani kugombea mali. Mama yake mzazi hakumuunga mkono.

Iko hadithi inayosimuliwa kila mahali, kwamba Rammohun alishuhudia mke wa kaka yake akichomwa, akaapa pale penye moshi kwamba hatapumzika mpaka sati iishe. Ni hadithi ya kusisimua ambayo ushahidi wa wakati ule hauiungi mkono, na mimi simuhitaji Rammohun wa viapo. Wa maandishi ananitosha.

Mwaka 1818 alichapisha kijitabu cha Kibengali, kisha akakitoa kwa Kiingereza: mazungumzo ya mtu anayetetea sati na mwingine anayeipinga. Mtetezi analeta aya za wahenga zinazomuahidi mjane pepo pamoja na mumewe kwa miaka mingi kama nywele za mwili wa mwanadamu. Mpinzani hakatai kwamba aya zipo. Anamwambia: Manu, mkubwa wa watoa sheria wote, amemwagiza mjane aishi maisha ya kujinyima na ya utakatifu hadi kufa kwake, na neno la Manu linatangulia maneno ya wengine. Pili, anayejichoma ili apate pepo anafanya ibada ya kutafuta malipo, na Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, imekwisha kufundisha kwamba tendo lisilotafuta malipo ni bora zaidi. Tatu, na hapa sauti inabadilika, aya mnazozisoma zinasema mjane apande mwenyewe kwenye moto uliokwisha kuwaka. Ninyi mnamfunga kamba na maiti kwanza, mnamrundikia kuni, mnambana kwa mianzi asiinuke, ndipo mnawasha. Kitabu gani kimesema hivyo?

Hoja hiyo ya tatu haikujibika, kwa sababu kila msomaji wa Calcutta alikuwa ameyaona kwa macho yake. Katika kijitabu cha pili Rammohun alikwenda mbali zaidi. Mtetezi anadai wanawake hawana akili wala msimamo, hivyo ni heri wafe kabla hawajaiaibisha familia. Mpinzani anauliza: mliwapima lini akili, ninyi mliowanyima elimu? Mwaka 1822 akaandika tena, safari hii juu ya mirathi: kwamba watoa sheria wa kale walimpa mwanamke fungu katika mali, na wafafanuzi wa baadaye wakalipunguza mpaka akabaki wa kuomba chakula kwa watoto na mashemeji. Kwa maoni yangu haya ndiyo maandishi yake yenye makali zaidi, kwa kuwa yanatoka kwenye moto na kuingia kwenye sanduku la hati. Sheria ya mirathi ya Bengal ilimpa mjane asiye na mtoto wa kiume haki ya kuishi kwa mali ya mumewe maisha yake yote. Wanahistoria kadhaa wamejiuliza kama ni kwa bahati tu kwamba sati iliota mizizi zaidi palepale ambapo mjane hai aliwazuilia shemeji zake urithi.

Hata hivyo, mtu apime pia Rammohun alichomtolea mjane. Ili amwokoe na moto, alimshika Manu. Na Manu anamtaka mjane aishi kwa kujinyima. Mjane wa tabaka la juu huko Bengal alivaa nguo nyeupe, hakuvaa kipambo, alikula mlo mmoja kwa siku usio na samaki, katika nchi ambayo samaki ndiye kitoweo, na mara mbili kwa mwezi alifunga bila hata tone la maji. Rammohun hakuyabuni hayo, ila aliyaweka kwenye mizani kama njia bora kuliko moto, akashinda. Ushindi huo ulimwachia kazi ngumu mtu atakayekuja kusema mjane aolewe.

Waliompinga hawakuwa majahili. Radhakanta Deb, kiongozi wao, alitunga kamusi kubwa ya Kisanskriti, aliunga mkono elimu ya wasichana, na alikaa kwenye uongozi wa Hindu College iliyofunguliwa 1817 kufundisha sayansi na Kiingereza. Bhabanicharan Bandyopadhyay alianza kwa kuhariri Sambad Kaumudi, gazeti la Rammohun mwenyewe. Wakakosana juu ya sati, akaondoka na kuanzisha lake, Samachar Chandrika. Na kwa upande mwingine, pandita mashuhuri Mrityunjay Vidyalankar, ambaye hakumpenda hata kidogo Rammohun na mafundisho yake, alikwisha kuiambia mahakama mwaka 1817 kwamba sati si wajibu. Anayetaka kuwagawa watu hawa katika kundi la mwanga na kundi la giza atachoka kabla hajamaliza majina.

Gavana Mkuu William Bentinck alifika Calcutta 1828 akiwa na nia ya kupiga marufuku sati. Aliwauliza maofisa wa jeshi kama askari wataasi. Wengi walisema hapana. Alimwita Rammohun pia, na hapo akapata jibu ambalo hakulitarajia: Rammohun alimshauri asitunge sheria ya wazi, bali aizuie sati kimyakimya kwa vikwazo vya polisi, isije ikaonekana kwamba Waingereza, wakishapata nguvu, wanaanza kuilazimisha nchi dini yao. Bentinck alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea na lake. Tarehe 4 Desemba 1829 ilitoka Kanuni ya XVII. Sati ikawa jinai, iwe kwa hiari ya mjane au bila hiari yake, na aliyesaidia akawa na hatia ya kuua. Karatasi ya Kiingereza ilipelekwa Serampore kwa mmisionari William Carey ili aifasiri kwa Kibengali. Ilimkuta Jumapili, naye, inavyosimuliwa, akamwachia mwingine mimbari na kukaa kitako na tafsiri mpaka jioni, akihofu kwamba kila saa inayopita ina mjane wake.

Januari 1830 arzihali zikagongana. Wakazi 800 wa Calcutta walitia saini kuomba sheria ifutwe, wakiambatanisha maoni ya mapandita 120. Siku mbili baadaye Rammohun na wenzake 300 walimpelekea Bentinck barua ya shukrani. Wapinzani wakaanzisha Dharma Sabha, wakachanga fedha, wakamwajiri mwanasheria Mwingereza aitwaye Francis Bathie apeleke rufaa kwenye Baraza la Mfalme huko London. Watetezi wa mila walipigana kwa gazeti, chama chenye katibu na mweka hazina, wakili, na rufaa ng'ambo ya bahari. Zana zote hizo zilikuwa ngeni, na walizitumia kwa ustadi kuliko wanamageuzi wengi.

Rammohun naye alisafiri, akiwa na cheo cha Raja alichopewa na mfalme wa Kimughal wa Delhi ili akamwombee nyongeza ya posho. Alifika Liverpool Aprili 1831. Rufaa ya Dharma Sabha ilitupwa Julai 1832. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Septemba 1833, alifariki kwa homa kwenye nyumba ya marafiki nje kidogo ya Bristol. Huyu ndiye aliyekuwa ameanzisha Brahmo Sabha mwaka 1828, nyumba ya ibada isiyo na sanamu wala sadaka, na aliyebishana na wamisionari juu ya utatu mpaka mmoja wao, William Adam, akaacha kuamini utatu. Alipokutwa maiti, kifuani alikuwa bado amevaa uzi wa Kibrahmini. Angeuvua, wakili wa adui zake angesema kwamba si Mhindu tena, na haki yake ya mali ingeingia kwenye shaka. Lakini sidhani kwamba ni mali tu. Aliutaka Uhindu urekebishwe na mtu aliye ndani yake.

Upande wa pili wa India, huko Gujarat, kulikuwa na mwingine aliyeipinga sati bila gazeti wala Kiingereza. Sahajanand Swami, ambaye wafuasi wake humwita Swaminarayan, alizunguka vijijini tangu mwanzo wa karne akiwakataza watu sati, kuua watoto wa kike wanapozaliwa, pombe na nyama. Februari 1830, chini ya miezi mitatu baada ya kanuni ya Bentinck, alikutana Rajkot na gavana wa Bombay, John Malcolm, akampa nakala ya Shikshapatri, waraka wake wa maadili. Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ameyaona mahekalu ya wafuasi wake, kwa kuwa wafanyabiashara na mafundi ujenzi kutoka Gujarat na Kutch walikuja nayo imani hiyo Afrika Mashariki. Hekalu la kwanza kabisa lilifunguliwa Ahmedabad 1822. Mageuzi yake hayakugusa tabaka kwa kina, wala hayakukusudia kumkera Brahmini. Labda ndiyo maana yalienea mashambani ambako ya Calcutta hayakufika.

Calcutta yenyewe ilikwenda kasi mno kwa muda mfupi. Henry Derozio, mwalimu wa Hindu College aliyekuwa na umri wa miaka 17 alipoanza kazi, aliwafundisha vijana kuhoji kila kitu, nao wakahoji kwa kula nyama ya ng'ombe na kutupa mifupa kwenye uwanja wa jirani. Alifukuzwa Aprili 1831, akafa kwa kipindupindu Desemba, ana miaka 22. Kelele zilikuwa kubwa. Kwa mjane hazikubadilisha lolote.

Aliyebadilisha ni mtoto wa Brahmini maskini kutoka Birsingha, wilaya ya Midnapore, aliyezaliwa 1820. Ishwar Chandra alisoma Sanskrit College kwa shida, akafaulu mpaka akapewa lakabu ya Vidyasagar, bahari ya elimu, na mwaka 1851 akawa mkuu wa chuo hichohicho. Akakifungulia milango kwa wanafunzi wasio Mabrahmini. Aliandika kitabu cha kufundishia watoto herufi, Barnaparichay, ambacho vizazi vya Wabengali vimeanzia masomo humo. Hakuwa na haja ya barza wala dhehebu jipya. Alivaa nguo ya pamba ya kijijini mbele ya magavana, na hasira zake zilijulikana.

Januari 1855 alitoa kijitabu akiuliza kama ndoa ya mjane inafaa kidini. Hakutafuta hoja ya huruma, ingawa huruma alikuwa nayo tele. Alijua mahakama ya wasomaji wake inataka kitabu. Akakipata kwa Parashara, mtoa sheria ambaye maagizo yake, kwa mujibu wa maandiko yenyewe, ndiyo yanayoihusu zama hii ya mwisho. Parashara anamruhusu mwanamke mume mwingine katika hali tano: mume akipotea, akifa, akiitupa dunia na kuwa mtawa, akiwa hanithi, au akitengwa na tabaka lake. Kijitabu kilikwisha madukani kwa siku chache. Majibu yalimiminika, naye Oktoba akatoa cha pili, kinene zaidi, akiwajibu wapinzani mmoja mmoja. Kisha akapeleka arzihali serikalini ikiwa na saini 987. Radhakanta Deb, sasa mzee, alipeleka ya kupinga ikiwa na saini 36,763.

Kwa wingi wa watu, Vidyasagar alishindwa vibaya. Serikali ikamfuata yeye, na Sheria ya XV ikapitishwa Julai 1856. Inafaa kulikumbuka hilo kila inaposemwa kwamba jamii iliamka. Wafumaji wa Shantipur walimfumia beti za kumsifu kwenye pindo za sari, na sari zikanunuliwa. Ndoa ni kitu kingine.

Ya kwanza ilifungwa Calcutta tarehe 7 Desemba 1856, nyumbani kwa rafiki yake Rajkrishna Banerjee. Bwana harusi, Srishchandra Vidyaratna, alikuwa pandita. Bibi harusi, Kalimati Devi, alikuwa msichana mdogo aliyefiwa na mume angali mtoto, na mama yake, Lakshmimani Devi, naye mjane, ndiye aliyemtoa. Barabara ilijaa watu, wengine wa kushangilia, wengine wa kutukana, na polisi walipangwa kandokando ili machela ya bwana harusi ipite. Vidyasagar alilipia gharama. Alilipia nyingi nyingine pia: inakadiriwa kwamba hadi 1867 alikuwa amesimamia ndoa 60 zilizomgharimu rupia 82,000, na deni hilo lilimfuata miaka mingi. Wako waliooa mjane kwa ajili ya fedha za Vidyasagar, wakazichukua na kutoweka. Mwaka 1870 mtoto wake wa kiume, Narayan, alimwoa mjane, na Vidyasagar akawaandikia ndugu waliolalamika kwamba ndoa za wajane ndilo jambo jema kuliko yote aliyoyafanya maishani. Kuoa wake wengi hakufanikiwa kukukomesha kwa sheria, ingawa mwaka 1871 alichapisha orodha ya Mabrahmini wa Kulin, yaani wa daraja la juu, wenye wake wengi, na kinara wao alikuwa mtu wa miaka 55 mwenye wake 80.

Na sheria ya 1856 ilikuwa na mwiba. Kifungu cha pili kilisema mjane akiolewa, haki yake katika mali ya marehemu inakoma kana kwamba na yeye amekufa. Kwa mjane wa Kibrahmini hiyo ilikuwa biashara ya wazi: anapata ndoa ambayo hakuwa nayo, anaacha mali. Lakini sehemu kubwa ya wanawake wa India walikuwa wa matabaka ambayo wajane wake waliolewa siku zote, kwa mila, bila kumwomba pandita ruhusa, na katika baadhi ya matabaka hayo mjane aliolewa na mali yake akabaki nayo. Ndugu wa marehemu wakakimbilia mahakamani na sheria mkononi. Mahakama Kuu za Calcutta, Bombay na Madras ziliamua kwamba kifungu kinawahusu hata hao. Ya Allahabad pekee ikakataa. Mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na tatizo ambalo Vidyasagar alilitungia dawa, akanyweshwa dawa hiyo na kupoteza shamba.

Sidhani kwamba Vidyasagar aliliona hilo likija. Tangu Hastings, njia pekee ya kushinda ilikuwa kuonyesha kitabu cha Kibrahmini kinachosema unavyotaka, na kila ushindi wa namna hiyo ulikipa kitabu nguvu juu ya watu ambao hawakuwahi kukifungua. Jyotirao Phule, mtu wa jamii ya wakulima wa bustani huko Poona, aliyefungua shule ya wasichana mwaka 1848 pamoja na mkewe Savitribai, hakutaka kucheza mchezo huo. Mwaka 1863 walifungua nyumba yao kwa wajane wa Kibrahmini waliopata mimba, wajifungue salama na wasiue watoto wao kwa aibu, na hawakutafuta aya ya kuwaunga mkono.

Wanawake wenyewe walikuwa wakisemaje? Katika maelfu ya kurasa za ubishi wa sati, maneno ya mjane ni machache, na mengi ya hayo ni jibu lililoandikwa na askari. Lakini mwanzoni mwa karne hiyo, mashariki ya Bengal, alizaliwa Rashsundari Devi, aliyeozwa ana miaka 12 na kuzaa watoto kadhaa. Akiwa na umri wa miaka ipatayo 25, kwa siri, alichomoa ukurasa mmoja wa kitabu cha dini cha mumewe, akaiba na jani la mtende ambalo mwanawe aliandikia herufi za shule, akavificha jikoni. Akipika, mkono wa kushoto ulishika ukurasa chini ya ushungi, jicho likilinganisha herufi na herufi. Ilimchukua muda mrefu kusoma, na kuandika alijifunza baadaye sana, baada ya mwanawe aliyekuwa masomoni Calcutta kumlalamikia kwamba hajibu barua. Alifiwa na mume mwaka 1868, na maisha yake aliyoyaandika, Amar Jiban, ndiyo ya kwanza ya mtu kujiandikia katika Kibengali.

Rashsundari aliandika kwa upole. Tarabai Shinde wa Buldhana, aliyesomeshwa na baba yake aliyekuwa katika chama cha Phule, hakuwa na upole wowote. Mwaka 1881 mjane kijana wa Kibrahmini huko Surat alihukumiwa kifo kwa kumuua mtoto wake mchanga wa nje ya ndoa, na magazeti yakajaa mahubiri juu ya wanawake walioharibika. Tarabai aliandika kwa Kimarathi akiwalinganisha wanaume na wanawake kosa kwa kosa: aliyemtia mimba mjane yuko wapi? Kwa nini mwanamume, mkewe hata hajapoa, aruhusiwe kuleta mwingine, na mwanamke anyolewe nywele na kufichwa pembeni kana kwamba ndiye aliyeua? Na hao waandishi wa shastra, waliokuwa waume za watu, nani aliwapa kazi ya kuamua? Kitabu kilichapishwa Poona mwaka 1882, nakala 500, bei ana tisa.